Bomba likibana, presha hupanda au hushuka? Maswali ninayoulizwa mara kwa mara

Mimi ni mwalimu wa fizikia wa sekondari, mkazi wa Kimara, Dar es Salaam, na kwa bahati mbaya majirani wanalijua hilo. Maji yakitoka kwa kudondoka, napigiwa simu mimi kabla ya fundi. Mota ikipiga kelele, sauti yake inarekodiwa na kutupwa kwenye kundi la mtaa, kisha jina langu linatajwa. Maswali yenyewe yanajirudia, kwa hiyo nimeyakusanya hapa ili anayeuliza saa tano usiku asome, na mimi nilale. Machache yametoka kwa wanafunzi wangu. Utayatambua, maana wao huanza kwa kuomba fomula.

Fundi anasema tuweke bomba jembamba ili presha iongezeke. Tumkubalie?

Hapana. Nasema hivyo kwa uchungu wa aliyekwishakubali.

Nyumbani kwangu tenki la lita 2,000 limekaa juu ya mnara wa tofali wa mita tatu. Bomba la inchi moja lilikuwa linatoka pale hadi bafuni, kama mita 18 hivi. Maji yalikuwa ya kutosha, ila hayakuwa na ule ukali ambao mama watoto alikuwa anautaka kwenye bomba la mvua. Fundi akaja nikiwa kazini, akaangalia, akatoa hukumu: bomba ni pana mno, maji yanazurura humo ndani. Akang'oa lote, akaweka la nusu inchi. Niliporudi jioni nilichukua ndoo ya lita 20 na simu ya kuhesabia muda. Ndoo iliyokuwa inajaa kwa kama dakika moja sasa ilichukua dakika mbili na nusu. Nikampigia. Akanijibu kwa upole, "Mwalimu, hilo bomba jipya, liache lizoee."

Halikuzoea. Lakini nisimlaumu sana, kwa sababu kosa lake lina mantiki nzuri kwa nje: kila mtu amewahi kubana mdomo wa mpira kwa kidole akaona maji yanaruka hadi kwa jirani. Kuelewa kwa nini kidole kinafanya kazi na bomba jembamba halifanyi ndiyo kazi ya ukurasa huu karibu wote.

Presha, kasi, nguvu ya maji: si kitu kilekile tu?

Mtaani ndiyo, neno "presha" linabeba mizigo yote. Tukitaka kuelewana lazima tuipakue.

Presha ni kani inayosukuma kila kipande cha eneo. Vitabu vya fizikia vya Kiswahili huiita kanieneo. Kasi ni umbali ambao maji yanakwenda kwa sekunde. Wingi wa mtiririko ni lita ngapi zinapita kwa sekunde. Ndoo yako inajali wingi peke yake. Tope lililoganda kwenye gari linajali kasi ya maji yanayolipiga. Bomba linalotaka kupasuka linajali presha.

Na vitu hivi havitembei pamoja. Funga koki zote za nyumba: humo ndani ya bomba presha imefika juu kabisa, kasi ni sifuri, na hakuna hata tone. Fungua koki zote: maji yanakimbia, presha imeanguka. Kwa hiyo ukimwambia fundi "nataka presha", anaweza kukupa presha kweli, ukabaki huna maji.

Vipimo viwili vya kushika. Maji yaliyotulia hutoa takribani bar moja (bar ni kizio cha presha) kwa kila mita 10 za kimo. Tenki la juu ya mnara wa mita tatu, basi, linakupa kama bar 0.3 kwa usawa wa ardhi, pamoja na nyongeza kidogo ya kina cha maji yaliyomo. Tairi la gari dogo hujazwa bar mbili na kitu. Unaona mwenyewe kwamba hatuna utajiri wa presha wa kuchezea.

Kwa nini maji hukimbia yakifika penye wembamba? Magari yakifika penye wembamba si husimama?

Swali zuri kuliko linavyoonekana, na aliyeliuliza ni konda. Barabara ikibana, foleni inaanza, na sote tunakaa tukinunua karanga. Kwa nini maji yasikae foleni?

Kwa sababu magari yanaweza kusogeleana. Nafasi kati ya daladala na daladala ilikuwa mita ishirini, sasa ni nusu mita; foleni ni nafasi hizo zinapoliwa. Maji hayana nafasi ya kuliwa. Ili uyapunguze ujazo wake kwa asilimia moja tu unahitaji presha ya zaidi ya bar 200, kitu ambacho hakipo kwenye bomba lolote la nyumbani. Kwa hiyo, bomba likiwa limejaa na mtiririko umetulia, lita inayoingia upande mmoja inadai lita nyingine itoke upande wa pili muda uleule. Mlango wa kutokea ukiwa mdogo, hakuna njia nyingine: lazima maji yapite mbiombio.

Eneo mara kasi ni namba isiyobadilika kuanzia mwanzo wa bomba hadi mwisho wake. Na hapa watu wengi wanajikwaa: eneo la mdomo linafuata mraba wa kipenyo. Ukitoka inchi moja kwenda nusu inchi, hujapunguza nafasi kwa nusu. Umebakiza robo. Kwa hiyo kasi inakuwa mara nne.

Sawa, yanakimbia. Basi pale penye wembamba presha si ndiyo kubwa?

Hapana. Hapo ndipo presha ni ndogo zaidi. Darasani, kila mwaka, sentensi hii inapokelewa kwa miguno.

Usianze na fomula. Jiweke mahali pa tone moja la maji. Ulikuwa unatembea taratibu kwenye bomba pana, mita moja kwa sekunde. Sasa uko kwenye bomba jembamba, unakwenda mita nne kwa sekunde. Nani amekuongezea mwendo? Kitu hakiongezi kasi bila kusukumwa. Bomba limelala, kwa hiyo hukuteremka mlima. Walio karibu nawe ni maji yaliyo nyuma yako na maji yaliyo mbele yako, basi. Ukiongeza mwendo kwenda mbele, maana yake wa nyuma walikusukuma kwa nguvu kuliko wa mbele walivyokuzuia. Nyuma ni kwenye upana, mbele ni kwenye wembamba. Presha ya upana, basi, ndiyo kubwa, na ya wembamba ndiyo ndogo.

Bomba likipanuka tena mbele, mambo yanageuka: maji yanapunguza mwendo, kwa hiyo wa mbele ndio wenye nguvu zaidi, na presha inapanda tena. Hairudi yote, maana kwenye kupanuka maji yanajizungusha na kupoteza sehemu ya nishati kama joto dogo lisilopimika kwa mkono, lakini inarudi.

Ukitaka kuliona kwa macho, tafuta mpira unaoonyesha ndani, kama ule ambao mafundi ujenzi hupimia usawa. Unganisha kipande kipana, chembamba, kisha kipana tena. Kwenye kila kipande chomeka kimpira kimoja kilichosimama wima. Ruhusu maji yapite. Maji yatapanda kwenye vimpira hivyo kama vidole, na cha katikati kitakuwa kifupi. Wanafunzi wangu walipoliona hili waliniambia nimeziba kimpira cha kati. Wakakichomoa, wakakipuliza, wakakirudisha. Kikabaki kifupi.

Mwalimu, tupe fomula. Mtihani hautaki hadithi.

Haya. Hii ndiyo kanuni ya Bernoulli. Kwa mtiririko uliotulia, usio na msuguano, wa maji yasiyobanika: P + ½ρv² + ρgh haibadiliki kando ya njia ya maji. P ni presha, ρ ni densiti, v ni kasi, h ni kimo, g ni mvutano wa dunia, 9.81. Pamoja nayo andika A₁v₁ = A₂v₂, A ikiwa eneo la mdomo.

Mfano. Bomba limelala, kipenyo cha ndani milimita 25, linabana hadi milimita 12.5. Kwenye upana kasi ni mita 1 kwa sekunde, kwenye wembamba ni 4. Densiti ya maji ni kilo 1,000 kwa mita ya ujazo. Presha inashuka kwa ½ × 1,000 × (16 − 1), yaani paskali 7,500. Bar moja ni paskali 100,000, kwa hiyo hapo ni bar 0.075, au kimo cha maji cha sentimita 76. Kwa mtu anayepata maji ya bar tatu, hiyo ni kelele ya mbu. Kwa tenki la mnara wa mita tatu ni robo ya mtaji wote.

Mtiririko wenyewe, kwa anayependa ndoo, ni kama lita 0.49 kwa sekunde: ndoo ya lita 20 kwa sekunde 41.

Kosa linalowapotezea wengi alama ni kusahau kwamba kasi imepigwa mraba. Wanaandika 4 − 1.

Mbona nikibana mpira kwa kidole maji yanaruka mbali? Si umeongeza presha hapo?

Kidole hakiongezi kitu. Kinazuia hasara.

Mpira wa kumwagilia wa mita 20, mdomo ukiwa wazi, unapitisha maji mengi, na maji mengi maana yake msuguano mwingi na kuta za mpira njia nzima. Presha uliyoanza nayo kwenye koki inaliwa njiani. Maji yakifika mdomoni hayana hamu. Ukiweka kidole unapunguza wingi wa maji yanayopita. Mpira mzima sasa maji yanatembea polepole, msuguano unashuka sana, na presha ya kwenye koki inafika karibu yote hadi nyuma ya kidole chako. Kisha pale kwenye upenyo, kwa umbali wa sentimita moja, presha hiyo yote inageuzwa kuwa kasi. Nje kabisa ya mdomo presha ya maji ni sawa na ya hewa tu, wala si zaidi.

Pima kwa ndoo kama huniamini. Ukibana, yanaruka mbali lakini ndoo inachelewa kujaa.

Sasa rudi kwa fundi wangu. Yeye hakubana mdomo, alibana njia yote. Ni sawa na kuchukua mita 18 za kidole. Msuguano badala ya kupungua ukaongezeka, na maji yakafika yamechoka zaidi. Kama alitaka ukali wa bomba la mvua, angeacha bomba la inchi moja na kubadilisha kichwa tu, aweke chenye matundu machache na madogo.

Na kuna kikomo ambacho hakuna kidole kitakivuka. Mtaliano Evangelista Torricelli alikwishalionyesha hili katika miaka ya 1640: kasi ya maji yanayotoka haiwezi kuzidi ile ambayo kitu kingepata kwa kuanguka kutoka usawa wa maji ya tenki. Uso wa maji ukiwa mita 3 juu ya koki, kikomo ni kama mita 7.7 kwa sekunde. Ukitaka zaidi, inua tenki au nunua pampu.

Bomba la inchi moja linapitisha maji mara mbili ya nusu inchi, siyo?

Ungekuwa ukilipia kwa hesabu hiyo ungekula hasara. Eneo ni mara nne, lakini tofauti ya kweli ni kubwa kuliko hiyo kwa sababu ya msuguano. Kwenye mabomba ya nyumbani maji huenda kwa vurugu, yakijikoroga, na katika hali hiyo hasara ya presha kwa kila mita, kwa wingi uleule wa maji, inakaribia kwenda kinyume na kipeo cha tano cha kipenyo. Ukipunguza kipenyo kwa nusu, hasara inakuwa kama mara 32. Kwa tenki lilelile na umbali uleule, bomba la nusu linapitisha chini ya moja ya tano ya bomba zima.

Bafuni kwangu tofauti ilikuwa mara mbili na nusu tu kwa sababu koki yenyewe na viungo vyake ni vyembamba, navyo vilikuwa vinakula sehemu yao tangu zamani. Pia mabomba ya plastiki yenye jina moja dukani hayana tundu moja; unene wa ukuta hutofautiana. Chungulia ndani kabla ya kulipa. Na elbo kumi za kuzunguka choo zina gharama yake. Kila kona maji yanalipa ushuru.

Kwa nini usiku wa manane maji ya mtaa yana nguvu, asubuhi hayana?

Kwa sababu saa kumi na mbili asubuhi mtaa mzima umefungua. Bomba kuu lina kipenyo kilekile, lakini sasa linapitisha maji mengi, na hasara ya msuguano hufuata karibu mraba wa kasi. Matumizi yakishuka kwa nusu, hasara inashuka hadi kama robo. Usiku wengi wamelala, presha ya kwenye matenki makubwa ya kilimani inakufikia karibu nzima. Aliye kilimani analipa mara mbili: kila mita 10 za kupanda zinamkata bar moja kabla hata msuguano haujahesabiwa.

Mara nyingi watu hudhani kwenye mabomba makubwa maji yanakimbia kama mto wa mafuriko. Mtambo wa maji wa Ruvu Chini, unaolisha Dar, una uwezo wa kuzalisha lita milioni 270 kwa siku, yaani lita 3,125 kila sekunde. Chukulia, kwa hesabu tu, kwamba yote yangepita kwenye bomba moja la kipenyo cha mita 1.8. Kasi yake ingekuwa kama mita 1.2 kwa sekunde. Ungetembea kando yake bila kuhema. Upana ndio unaofanya maji mengi yaende bila haraka, na kutokuwa na haraka ndiko kunakookoa presha.

Nikifunga mota moja kwa moja kwenye bomba la mtaa nivute?

Jirani yangu, usifanye.

Mota ikivuta kwa nguvu kuliko maji yanayoletwa, presha ndani ya bomba la mtaa inashuka chini ya presha ya hewa ya nje. Bomba lenye ufa mdogo, ambalo siku zote lilikuwa linavujisha maji kwenda nje, sasa linanyonya kwenda ndani. Na kilicho nje ya bomba hilo mitaa mingi ya Dar unakijua: mtaro. Uchafu unaingia kwenye bomba la wote, na wa kwanza kuunywa ni wewe. Weka tenki la chini, maji yaingie kwa presha yake, kisha mota ivute kutoka humo kwenda juu.

Mota yangu inalia kama inatafuna kokoto. Kuna mchanga?

Inawezekana, lakini angalia kwanza bomba la kuvutia. Likiwa jembamba au refu mno, au chujio limeziba, presha mdomoni mwa pampu inashuka hadi maji yanaanza kuchemka bila moto. Vipovu vya mvuke vinaundwa, vinafika ndani penye presha kubwa, vinapasuka kwa kishindo. Sauti ni kama kokoto kweli, na baada ya muda pangaboi la pampu linakuwa limeliwa vidonda. Dawa ni bomba pana upande wa kuvuta. Ndiyo maana pia pampu ya juu haivuti kisima kirefu: hewa ya dunia inaweza kusukuma maji hadi mita 10 na kitu tu, na kwa vitendo shukuru ukipata saba. Kisima cha mita 30 kinahitaji pampu ya kuzamisha.

Nikifunga koki ghafla ukutani kunagonga "du!". Ni nini?

Maji yaliyokuwa yanakwenda yamegonga mlango uliofungwa. Kwenye bomba la chuma, kusimamisha ghafla maji yanayokwenda mita 1 kwa sekunde kunaweza kurusha presha kwa zaidi ya bar 10 kwa muda mfupi sana. Kwenye plastiki ni kidogo zaidi kwa sababu ukuta unalegea. Funga taratibu.

Huyu Bernoulli alikuwa fundi bomba?

Daktari, kwa mafunzo. Daniel Bernoulli alizaliwa mwaka 1700 Groningen, Uholanzi, katika ukoo wa wanahisabati wa Basel, Uswisi. Alisomea tiba na tasnifu yake ilihusu kupumua. Kitabu chake, Hydrodynamica, kilichapishwa mwaka 1738. Baba yake, Johann, naye mwanahisabati mkubwa, akatoa kitabu chake kuhusu maji miaka michache baadaye na kukiandika tarehe ya nyuma, 1732, ionekane yeye ndiye alitangulia. Wivu wa baba kwa mwana, jamani. Fomula kama tunavyoiandika leo iliwekwa sawa na Leonhard Euler, rafiki yake Daniel.

Jina la pili utakalokutana nalo ni Giovanni Battista Venturi, Mtaliano, aliyeandika kuhusu mabomba yenye koo mwaka 1797. Koo lake ndilo baadaye Mmarekani Clemens Herschel alilitumia kutengeneza kipimo: ukijua presha imeshuka kiasi gani kooni, unajua maji mangapi yanapita. Dira ya maji ya nyumbani kwako kwa kawaida siyo ya aina hiyo. Nyingi zina gurudumu dogo linalozungushwa na maji.

Mbali na bomba, hapa Dar naweza kuiona wapi kanuni hii?

Simama karibu na bodaboda yenye kabureta. Injini ikivuta hewa, hewa inapita kwenye koo jembamba, inaongeza kasi, presha inashuka. Petroli iliyo kwenye bakuli chini yake ina presha ya kawaida ya hewa, kwa hiyo inasukumwa juu kupitia tundu la jeti, inaingia kwenye hewa kama ukungu. Hakuna pampu pale. Ni koo tu.

Kisha nenda jikoni. Kwenye jiko la gesi, gesi inatoka kwenye tundu dogo kwa kasi na kuikokota hewa kupitia matundu ya pembeni. Uji ukimwagikia matundu hayo, hewa inapungua, moto unageuka wa njano na sufuria inapata masizi. Watu wanalaumu gesi.

Lakini mahali ninapopapenda ni Magogoni, ukisubiri pantoni. Bandari ni kama chungu chenye shingo nyembamba: maji ya bahari yanaingia na kutoka kwenye mlango uleule mara mbili mbili kwa siku. Nenda siku za bamvua, mwezi mwandamo au mpevu, katikati ya kujaa na kupwa, uangalie mkondo unavyopiga mlangoni huku ndani bandarini pametulia. Mtumbwi unaovuka hauelekezi omo unakokwenda, unaelekeza pembeni. Siku za maji mafu hutaona kitu cha maana. Pale hakuna bomba lenye paa, kwa hiyo badala ya presha kushuka, ni uso wa maji wenyewe unaoshuka, kidogo sana: kasi ya mita moja kwa sekunde inagharimu kama sentimita tano. Jicho halitaona, lakini hesabu inaiona.

Na presha ya damu? Mishipa ikibana, presha si inapanda?

Mimi si daktari, tusiachane na dawa kwa ajili ya ukurasa huu. Lakini maneno mawili yanachanganywa. Pale penyewe palipobana, damu inakimbia na presha ya papo hapo inashuka, kama kwenye bomba. Ila moyo unasukuma dhidi ya ukinzani wa mtandao mzima wa vimishipa vidogo, na huko damu haijikorogi, inateleza. Mfaransa Jean Poiseuille alionyesha katika karne ya 19 kwamba ukinzani wa bomba dogo la namna hiyo unakwenda kinyume na kipeo cha nne cha nusu kipenyo. Kipenyo kikipungua kwa asilimia 10 tu, ukinzani unapanda kwa kama asilimia 52. Moyo ukitaka kupitisha damu ileile, lazima usukume kwa nguvu zaidi. Presha hiyo ndiyo wanayoipima mkononi.

Bernoulli naye yupo hospitalini. Ukipimwa moyo kwa mawimbi ya sauti, kipimo wanachokiita eko, kama inavyofanyika pale Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, mashine inasoma kasi ya damu inayopita kwenye valvu. Madaktari wanachukua kasi hiyo kwa mita kwa sekunde, wanaipiga mraba, mara nne, wanapata tofauti ya presha kwa milimita za zebaki. Damu ikipita valvu ya aota, mshipa mkuu unaotoka moyoni, kwa mita 4 kwa sekunde, tofauti ni 64, na hapo wanasema mbano ni mkali. Ni fomula ileile ya bomba langu la bafuni, imevaa koti jeupe.

Ndege je? Tumefundishwa hewa ya juu ya bawa inakimbia iwahiane na ya chini.

Kukimbia, ndiyo. Kuwahiana, hapana, hewa haina miadi. Ile ya juu hufika mwisho wa bawa mapema kuliko ya chini. Bawa pia linaisukuma hewa kwenda chini, nalo linasukumwa juu. Swali hili linahitaji ukurasa wake.

Ulifanya nini na bomba lako mwishowe?

Nilirudisha la inchi moja. Nililipa mara ya pili, bei ya vifaa imepanda, na ukuta wa bafu una mshono wa saruji unaoonekana hadi leo. Kichwa cha bomba la mvua nilibadilisha mwenyewe siku ya Jumapili. Ndoo inajaa kwa sekunde 56. Fundi alikuja kuchukua vipande vya nusu inchi vilivyobaki, akafungua koki, akatazama maji, akaniambia: "Umeona? Limezoea."